Nyumba ya wanasesere ya Kiunguja: mlango sawasawa, jiko si pake

Katika vibanda vya kazi za mikono Mji Mkongwe huuzwa nyumba ndogo ya Kiswahili yenye watu wake ndani: babu, bibi, baba, mama, mwali na watoto wawili. Nyumba ina urefu wa sentimita 60 na upana wa 40, na mwanasesere mkubwa ana kimo cha sentimita 10. Ukizidisha mara 16 unapata nyumba ya mita 9 na nusu kwa 6 na kidogo, yaani nyumba ya kawaida ya Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe. Fundi aliyekata mbao hizi anaijua nyumba anayoiiga. Bei ni shilingi 120,000 pamoja na vyombo na kijitabu cha kurasa 12.

Kitu cha namna hii hakipimwi kwa uzuri wa rangi. Hupimwa kwa kuuliza kama watu hawa wadogo wanaweza kuishi humu kama watu wa Unguja wanavyoishi. Wanaweza, mpaka wafike jikoni.

Tuanze mbele. Baraza imeinuka sentimita 3, sawa na karibu nusu mita ya kweli, na ndicho kimo cha kukalia bila kuninginiza miguu. Babu amekunjwa magoti kwa waya wa ndani, kwa hiyo anakaa mwenyewe bila kuegemezwa. Mkononi ana dele la kahawa lenye mdomo mrefu, na pembeni vijikombe vinne visivyo na vishikio. Vijikombe vyenye vishikio ni vya chai. Hapa fundi hakukosea.

Mlango ndio kazi bora kuliko zote. Una mbawa mbili, na mfaa, ule mti wa katikati, umepigiliwa kwenye ubawa mmoja tu, hivyo ubawa wa pili ndio unaotangulia kufunguka. Wengi wanaoiga milango yetu huugandisha mfaa kwenye kizingiti, ukabaki mlango wa kutazama usiofunguka. Huu unafunguka, na mnyororo wake unashika.

Ukipita mlango uko ukumbini, vyumba viwili kila upande, halafu ua. Paa la makuti hunyanyuliwa lote kwa mkupuo mmoja, na mkono wa mtoto unafika kila pembe. Chumbani mna kitanda cha kamba, matendegu manne na mifumbati yake, kimewambwa kwa uzi wa usumba. Usumba hulegea baada ya muda, na kitanda kikabonyea katikati. Kwa bahati nzuri fundi ameacha ncha ya kamba upande wa miguuni bila kuitia gundi: ifungue, vuta mstari baada ya mstari kuanzia kichwani, kisha funga tena. Usianzie miguuni, maana ulegevu wote utahamia kichwani na kitanda kitapinda.

Kanga za bibi na mama zinasikitisha. Zimekatwa kutoka kanga ya kweli, na kanga ya kweli ina urefu wa kama mita moja na nusu. Ukikata humo kipande cha sentimita 9 kwa 7 unapata ua moja lililomeza mwili mzima, bila pindo, bila mji (sehemu ya katikati), na jina, yaani maneno yake, limekatwa katikati ya neno. Kanga isiyo na pindo ni kitambaa tu. Tena kila mmoja amepewa kipande kimoja, wakati kanga ni doti: moja ya kuvaa na moja ya kujitanda. Dawa yake si ngumu. Chukua bafta nyeupe, chora kwa kalamu ya kitambaa pindo la nusu sentimita pande zote nne, maua mepesi katikati, na mstari wa jina chini ya mji. Maneno mawili au matatu yanatosha. Zaidi ya hapo wino huenea na hayasomeki.

Sasa jiko. Fundi amelibandika mwisho wa ukumbi, ndani ya nyumba, chini ya makuti, na ua wenye nafasi ya sentimita 12 umebaki mtupu. Kosa hili lina uzito. Jiko huwekwa uani kwa sababu moto na makuti havikai pamoja, na moshi unahitaji uwazi wa kutokea. Halafu uani ndiko kina mama wanakofanya shughuli zao bila kupitiwa na mgeni wa baraza. Jiko likiwa ukumbini, kila anayepiga hodi humkuta mama na upawa mkononi. Gundi iliyotumika ni ile nyeupe ya mbao, kwa hiyo jiko linatoka: weka kitambaa cha maji ya moto kwenye maungio kwa dakika kumi, pitisha kisu chembamba, rudia mpaka liachie. Libandike pembe ya ua iliyo mbali na choo.

Vyombo ni vya aina mbili, na muuzaji hafafanui. Kuna vya kutazama, vilivyo katika kipimo cha nyumba, ambavyo chungu chake kina upana wa sentimita moja na nusu. Kuna na vya kupikia kweli, vikubwa makusudi: kijungu cha udongo cha vijiko vitano vya chakula, seredani ya bati, yaani jiko la makaa, mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kukamulia tui, kinu na mchi. Ukikiweka kijungu hiki karibu na mama kinamfika kiunoni. Haidhuru, kwani chungu cha sentimita moja na nusu hakiivishi hata punje, na mtoto anayependa kupikapika anataka kula alichopika.

Kijungu kipya kisitiwe motoni moja kwa moja. Udongo una unyevu ndani. Ukipata moto wa ghafla, unyevu hugeuka mvuke na chungu hupasuka. Kiloweke usiku kucha, kikauke kivulini, kisha kijaze maji ya kuoshea mchele na ukiweke juu ya makaa mawili matatu kwa nusu saa, na kipoe chenyewe. Baadaye usikitie maji baridi kikiwa cha moto, wala usikioshe kwa sabuni, kwa sababu udongo huinywa na wali wa siku ya pili hunuka povu. Jivu na makumbi yanatosha. Vyungu vinavyong'aa vimepakwa vanishi: hivyo ni vya kutazama, visiguse moto kabisa. Hata mtungi wa maji umepakwa vanishi, nao umeharibiwa kwa hilo, maana mtungi hupoza maji kwa kuyavujisha kidogo kidogo kupitia udongo wake.

Mbuzi imekunjika vizuri, lakini ulimi wake ni bati lililokatwa mviringo bila meno, na bila meno hauikuni nazi, unaiparuza. Mtu mzima autilie meno kwa tupa ndogo, saba au manane yanatosha, na mtoto asiachiwe peke yake na chombo hicho. Kifumbu, kwa upande mwingine, ni cha kupongezwa. Kimesukwa kwa ukili mwembamba, kinakamulika kwa vidole viwili, na machicha hayapenyi. Robo ya nazi iliyokunwa na vijiko viwili vya maji ya vuguvugu hutoa tui zito. Vijiko vitatu zaidi hutoa tui jepesi. Kwa kijungu hiki, kijiko kimoja cha mchele na viwili vya tui jepesi, kisha kijiko kimoja cha tui zito wali unapokaribia kukauka. Ukitanguliza tui zito likachemka kwa nguvu, hukatika na mafuta yakaelea peke yake.

Hapo ndipo kasoro nyingine inapojitokeza. Wali hupaliwa kwa makaa juu ya mkungu, yaani kifuniko cha udongo, na mkungu wa kijungu hiki una kirungu katikati kama kifuniko cha sufuria, kwa hiyo makaa hayakai. Tumia kipande cha kigae bapa mpaka upate mkungu mwingine.

Kawa, kile kifuniko cha chakula kilichosukwa, ina rangi za kuvutia, nyekundu na zambarau, ila upana wake ni sentimita 7 na sinia lina 8, kwa hiyo ukingo wa chakula unabaki wazi kwa nzi. Rangi nayo ijaribu kwa kitambaa cheupe chenye maji. Ikitoka, miyaa, yaani majani ya kusukia, haikuchemshwa vya kutosha, na itachafua mkeka na kanzu ya baba.

Kijitabu kinaeleza siku ya watu hawa tangu alfajiri mpaka kahawa ya jioni, na mengi yake ni ya kweli: hodi tatu, usipoitikiwa urudi, birika la kunawia huanza kwa mkubwa, kila mmoja hula mbele yake kwenye sinia, sahani ya futari humfikia jirani imefunikwa kawa na hairudi tupu, watoto hupewa pesa za sikukuu siku ya Idi na kwenda Mnazi Mmoja. Lakini ukurasa wa tatu unasema familia hunywa chai "saa 7 asubuhi". Hiyo ni saa ya kizungu. Chai ya asubuhi ni saa moja, na mtoto anayejifunza saa kwa kijitabu hiki atapotea. Futa uandike upya kabla hujampa.

Ukiagiza, mwambie fundi aache vanishi na akupatie mkungu bapa. Kata ya kutekea maji mtungini haimo. Kipande cha kifuu kilichosuguliwa na kijiti cha ukuti kinatosha.