Jaketi la mvua lililovuja begani, na duka lililoniambia ni jasho

Sijui nianzie kwenye jaketi au kwenye ulimi wa yule kijana wa kaunta. Nianze na jaketi, hasira ipoe.

Ni jaketi jepesi la mvua la kukimbilia milimani wakati wa baridi, huku Lake District, Uingereza. Vipimo vyake viko kwenye lebo, msiniulize. Wiki za mwanzo nililisifu kwa kila mtu. Kisha kwenye mteremko wa Helvellyn, mvua ikija ya ubavuni, maji yakapenya bega la kulia, pale pale mkanda wa begi unapokaa. Nilipoligeuza ndani nje, utepe unaoziba mshono ulikuwa umebanduka kama sentimita nne na kujikunja.

Nikalirudisha. Kijana hakulifungua hata zipu. "Hiyo si mvua, ni jasho lako. Watu hawajui kuvaa haya majaketi." Mbele ya foleni nzima!

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba jambo analosema lipo kweli. Jaketi likichakaa au likishika mafuta ya ngozi, kitambaa cha nje huacha kukimbiza maji, kinalowa, mvuke wa mwili unakosa pa kutokea na kugeuka maji ndani. Ukiona vitone haviviringiki tena juu ya kitambaa, lifue kwa sabuni maalumu ya nguo za mvua, usiguse dawa ya kulainishia nguo, kisha, lebo ikiruhusu, dakika 20 kwenye mashine ya kukaushia kwa joto dogo. Mara nyingi hufufuka. Lakini jasho hulowesha mgongo mzima na viwiko, haliji kwa mstari mmoja begani. Kupima ni rahisi: geuza jaketi ndani nje, fanya bega liwe bakuli, mimina vikombe viwili vya maji, subiri dakika tano. Langu lilidondosha kwenye mshono tu, kwingine kukavu. Angefanya hivyo kijana yule, tusingefika huku.

Na si suala la starehe. Seathwaite, kijiji kisicho mbali na Helvellyn, hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara tatu ya Dar es Salaam. Ukitoka Glenridding, kando ya ziwa, hadi kilele cha Helvellyn, mita 950, joto hushuka kama nyuzi 5 kabla hujahesabu upepo. Bega lililolowa huko juu linanyonya joto la mwili mzima. Ndiyo maana Fell Runners Association, chama cha wakimbiaji wa milimani, kwenye mbio zao wanataka nguo za mvua zenye utepe kwenye mishono, na kofia iliyoungana na jaketi. Utepe uliobanduka, mkaguzi makini wa mbio anakurudisha nyumbani.

Jaketi lenyewe, nisilionee, halifanyi kazi peke yake. Ndani vaa fulana ya sufu ya merino, nyembamba, au ya wavu. Pamba acha nyumbani, ikilowa haikauki. Safu ya kati iwe nyepesi na ikae kwenye begi mpaka utakaposimama. Anza ukihisi baridi kidogo, na vaa jaketi kabla ya kufika kwenye ukingo wa mlima, kwa sababu huko juu vidole havifungi zipu. Suruali ya mvua iwe na zipu ndefu mguuni, ipite juu ya viatu. Glavu zenye bitana isiyoshonewa vidoleni ziepuke: ukichomoa mkono uliolowa, bitana inafuata, na hairudi tena.

Nilipotaja sheria ya haki za walaji ya 2015, kwamba kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita ni duka linalopaswa kuthibitisha kuwa halikuuza kitu kibovu, ghafla meneja akapatikana. Nikapewa jipya. Samahani hakuna.

Na hili jipya, niseme ukweli, kofia yake ni bora kuliko zote nilizojaribu: ina waya kwenye ukingo, inageuka pamoja na kichwa, upepo hauibetui. Kwa kofia hiyo nilikuwa tayari kusema linunueni, nyota nne. Ila mshono bado umepita juu kabisa ya bega, chini ya mkanda, na kila hatua mkanda unausugua. Tafuteni lenye mshono uliosogezwa mbele kifuani, au pana la kuvaliwa juu ya begi. Basi nyota tatu.

Nimeligeuza sasa hivi nikiandika haya. Bega la kulia, utepe umeanza kuinuka pembeni. Moja.