Nyota ngapi kwa mafundi wa kompyuta waliosema "siku tatu"?

Usiku ule wa hasira niliwapa nyota moja, nikafuta. Leo naandika tena na sijui nitaishia ngapi.

Nasimamia nyumba za kupangisha hapa Malindi, nyingi za Waitaliano wanaokuja miezi ya kaskazi. Programu yetu ya mikataba ni kongwe, ya enzi za kuandika mwaka kwa tarakimu mbili. Kabla ya kuingia 2000 fundi mmoja aliitia kiraka: 00 hadi 29 isomeke elfu mbili na kitu, 30 na kuendelea isomeke elfu moja mia tisa na kitu. Kiraka kikashika vizuri mpaka tulipoandika mkataba unaokwisha mwaka "30".

Ikasoma 1930. Ikachapa barua, na karani akaipeleka bila kuitazama, ya kumtoza mzee wa watu faini ya kukaa bila mkataba miaka tisini na kitu. 1930 hata baba yangu hajazaliwa! Kwa hesabu hiyo na Vasco da Gama, aliyetia nanga hapa 1498, tungemdai.

Nikaita kampuni ya Mombasa. Akaja kijana, miwani ya jua kichwani, hata kiti hakukikalia sawasawa. Akatazama skrini moja. Moja! "Siku tatu, mama, elfu arobaini na tano. Kodi zenu nyepesi." Nikadhani anasema kodi za nyumba, kumbe ndivyo wanavyoyaita maandishi ya programu. Nikataka kuuliza, akanikata: "Hayo tuachie sisi."

Tuachie sisi! Mimi nimeshika vitabu vya kodi, zile za nyumba, yeye hajaota meno.

Akausogeza ule mpaka wa miaka, kutoka 30 hadi 50, akapokea chake, akaondoka. Mikataba ikakaa sawa. Asubuhi yake programu ikawakataa wapangaji wangu watu wazima: aliyezaliwa 1938 imemwandika 2038, wa 1944 ni 2044. Wazee wenye fimbo wamegeuzwa watoto ambao hata mimba zao hazijatungwa. Nikapiga simu. "Imebaki kidogo, mama." Wiki ya pili, imebaki kidogo. Hapo nyota ikawa sufuri.

Mwishowe wakamtuma dada mmoja mpole. Siku mbili nzima hakurekebisha kitu, alihesabu tu: kila skrini, kila ripoti, kila faili ambamo tarehe imejificha. Akaniuliza, "Shangazi, namba za risiti zinaanza na nini?" Zinaanza na mwaka, tarakimu mbili. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Akafikisha sehemu mia na arobaini na kitu, akasema wiki saba, na zaidi ya nusu yake ni kujaribu, si kurekebisha, maana tarehe ya kuzaliwa haiwezi kutumia mpaka mmoja na tarehe ya mkataba. Bei ikapanda mara nne. Nilimpigia kelele hadi wauza samaki wa nje wakachungulia. Maskini, yeye ndiye wa kwanza kuniambia kweli, na ndiye aliyekula matusi.

Alimaliza wiki ya nane. Risiti zinapangika, wazee wamerudi kuwa wazee.

Sasa lile linaloniuma. Yule kijana, kabla hajataja siku tatu, alisema: "Nipe kesho na kesho kutwa nipekue kwanza." Mimi ndiye niliyemwambia sina muda huo, nitajie bei sasa hivi ama nenda zako. Akanitajia.

Basi nyota tatu. La, mbili, elfu arobaini na tano zangu hawajazirudisha, na ile "tuachie sisi" hajaniomba radhi. Dada yule peke yake ningempa tano.

Mzee wa Kiitaliano, barua yake ya 1930 ameitia fremu, ameitundika sebuleni. Kila mgeni lazima asomewe.