xv6 kwa anayetaka kuelewa hitilafu za ukurasa: mapitio

Mfumo endeshi wa xv6 ulitungwa mwaka 2006 katika chuo cha MIT nchini Marekani kwa ajili ya kufundishia, na waandishi wake walifuata kwa karibu umbo la Unix Toleo la Sita, kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie iliyotoka mwaka 1975. Kwa miaka mingi ulikuwa wa prosesa za x86; tangu 2019 toleo linalotumika darasani ni la RISC-V, familia nyingine ya prosesa, na ndilo ninalolipitia hapa. Hautozwi chochote, leseni yake inaruhusu kuusoma, kuubadili na kuusambaza, na huendeshwa ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima, kwa hiyo kompyuta ya mkononi ya kawaida inatosha. Sikuupima kwa mambo yote. Nilitaka kujua kama mtu anayeandika programu kwa C, ambaye hajawahi kugusa kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, anaweza kuutumia hadi akaelewa kwa yakini kinachofanyika pale prosesa inapokataa kugusa anwani fulani ya kumbukumbu na kuikabidhi kerneli tatizo hilo, yaani hitilafu ya ukurasa. Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti kwamba ajue pia ni wapi xv6 unamkinga na ugumu ambao mifumo mikubwa haina namna ya kuukwepa.

Prosesa ya RISC-V katika mpangilio wa Sv39, ambao ndio unaotumiwa na xv6, hutafsiri kila anwani pepe (ile inayoonwa na programu) ya biti 39 kuwa anwani halisi kwa kupitia majedwali ya ngazi tatu, kila jedwali likiwa na vipengele 512 vya baiti 8, yaani ukurasa mmoja kamili wa baiti 4,096. Kila kipengele hubeba namba ya ukurasa halisi pamoja na biti kumi za alama, ambazo baadhi yake hueleza kama kipengele ni halali, kama ukurasa unaweza kusomwa, kuandikwa au kutekelezwa, na kama programu ya mtumiaji ina ruhusa ya kuugusa. Tafsiri ikikwama au ruhusa ikikosekana, prosesa husimamisha agizo hilo, huandika sababu katika rejista (hifadhi ndogo ndani ya prosesa) ya scause (12 kwa kuchukua agizo, 13 kwa kusoma, 15 kwa kuandika), huweka anwani iliyoguswa katika stval na anwani ya agizo katika sepc, kisha huingia kerneli. Msaada wa mashine unaishia hapo. Kuamua kama hitilafu ni kosa la programu au ni kazi halali iliyoahirishwa ni juu ya kerneli.

Sifa ya kwanza ya xv6 ni kwamba njia hiyo yote unaweza kuifuata kwa macho bila kupotea. Kerneli nzima haifiki mistari 10,000, ilhali Linux imepita milioni 30. Safari huanzia katika ukurasa wa trampoline, ambao umewekwa mahali pamoja kileleni mwa anwani za kila mchakato (programu inayoendeshwa) na za kerneli yenyewe, ili prosesa iendelee kuona agizo linalofuata hata baada ya jedwali la kurasa kubadilishwa katikati ya kazi. Rejista zikishahifadhiwa, udhibiti huhamia katika fanksheni ya usertrap, ambayo husomeka kwa kikao kimoja: ikiwa sababu ni 8, programu imeomba huduma ya kerneli, ikiwa ni kifaa kinachohitaji kushughulikiwa, kinashughulikiwa, vinginevyo kerneli huchapisha zile rejista tatu na kuua mchakato. Hitilafu hiyo ikitokea ndani ya kerneli yenyewe, mashine nzima husimama. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa sera yote ya xv6 kuhusu hitilafu za ukurasa, na kwa maoni yangu ukali huo ndio uliokuwa hazina yake, kwa sababu mwanafunzi alianza na kerneli isiyojua lolote na kila ujanja alioupata aliuandika mwenyewe.

Mazoezi yanayoambatana na mfumo ndiyo yanayofanya kazi hiyo. Zoezi la ugawaji wa kuchelewa, ambalo miaka ya karibuni limepoteza nafasi yake ya peke yake, lilimtaka mwanafunzi abadilishe sbrk, huduma ambayo programu huitumia kuomba kumbukumbu zaidi, ili kerneli iongeze tu ukubwa uliosajiliwa na isitoe ukurasa wowote mpaka utakapoguswa. Kerneli hapo hufanya kama mwenyekiti wa kijiji anayegawa viwanja kwenye karatasi kabla pori halijafyekwa. Mistari ya kwanza ni rahisi mno: soma stval, hakikisha anwani iko ndani ya ukubwa ulioahidiwa, omba ukurasa kwa kalloc, uujaze sufuri, uuingize katika jedwali, rudi. Agizo lililokwama hurudiwa na programu haijui kwamba kuna jambo lilitokea.

Baada ya hapo ndipo kazi inapoanza. Fanksheni ya uvmunmap, iliyozoea kwamba kila ukurasa upo, husimamisha kerneli inapokuta pengo. Uvmcopy, inayonakili kumbukumbu wakati wa fork, huduma ambayo mchakato huitumia kuzaa mchakato mtoto, hufanya vivyo hivyo. Programu ikiipa read, huduma ya kusoma data, anwani ya kumbukumbu iliyoahidiwa lakini haijawahi kuguswa, huduma hiyo hushindwa, kwa kuwa kerneli ya xv6 ina jedwali lake la kurasa na hufika kwenye kumbukumbu ya mtumiaji kwa kutembea ndani ya jedwali la mchakato kwa msimbo, bila prosesa kuhusika na bila hitilafu yoyote kutokea. Mwanafunzi analazimika kutambua kwamba ahadi moja aliyoiandika katika sbrk imebadilisha maana ya kumbukumbu katika kila kona ya kerneli. Sijaona maelezo ya darasani yanayolifundisha hilo kwa nguvu kama inavyofanya kerneli iliyosimama. Katika matoleo mapya sehemu ya kazi hii imeshawekwa tayari ndani ya fanksheni iitwayo vmfault. Msomaji amerahisishiwa, nami naona amepunjwa.

Zoezi la kunakili wakati wa kuandika (copy-on-write, kwa kifupi COW) ndilo kilele, na hata kama msomaji atafanya moja tu, na liwe hili. Fork ya kawaida ya xv6 hunakili kila ukurasa wa mchakato mzazi, ingawa mara nyingi mtoto huita exec, huduma ya kupakia programu nyingine, papo hapo na kuitupa nakala nzima. Dawa ni kuwafanya mzazi na mtoto washiriki kurasa zile zile, kuondoa ruhusa ya kuandika pande zote mbili, na kunakili ukurasa pale tu mmoja wao atakapojaribu kuuandika na kusababisha hitilafu namba 15. Jaribio la kwanza la zoezi, ndani ya programu ya cowtest, limetungwa kwa akili: hujichukulia zaidi ya nusu ya kumbukumbu iliyopo, katika mashine yenye megabaiti 128, kisha huita fork. Kerneli ambayo haijabadilishwa hushindwa hapo hapo kwa kukosa nafasi.

Ugumu uko katika mambo matatu. La kwanza ni kutofautisha ukurasa uliofungwa kwa muda na ule ambao haukuruhusiwa kuandikwa tangu mwanzo, kama vile ukurasa wa msimbo wa programu. RISC-V imeacha biti mbili za kila kipengele kwa matumizi ya kerneli, na moja ya hizo ndiyo inayobeba alama hiyo. Asiyeitumia atajikuta ameruhusu programu iandike juu ya msimbo wake yenyewe. La pili ni hesabu ya washiriki wa kila ukurasa halisi, ambayo lazima ilindwe kwa kufuli kwa sababu QEMU huendesha xv6 kwa prosesa tatu: prosesa mbili zikiisoma hesabu kuwa 2 kwa wakati mmoja na kila moja ikaandika 1, ukurasa huo hautarudishwa tena. Programu ya usertests huhesabu kurasa huru kabla na baada ya majaribio, kwa hiyo uvujaji hubainika. La tatu ni copyout, fanksheni ambayo kerneli huitumia kuandika data katika kumbukumbu ya mtumiaji, na ambayo kwa sababu niliyoieleza haisababishi hitilafu, na hivyo ni lazima ifundishwe kunakili ukurasa kwa mkono wake yenyewe. Isipofanyiwa hivyo, kerneli ama itakataa maombi halali ya mtoto ama itaandika kimyakimya katika kumbukumbu ya mzazi.

Hapa pia ndipo nilipokipenda kitu kidogo ambacho wengi hukipita. Fanksheni ya kfree huujaza ukurasa unaoachiliwa kwa baiti zenye thamani ya 1, na kalloc huujaza unaotolewa kwa thamani ya 5. Ukiona stval imejaa 01 mfululizo, unajua kwamba ukurasa umeachiliwa mapema na mtu bado anautumia. Ukiona 05, kuna aliyeutumia kabla ya kuuandika. Ni mistari miwili tu ya msimbo, lakini huokoa usiku mzima wa kutafuta.

Anayedhani kwamba haya ni mambo ya darasani tu aikumbuke Dirty COW, udhaifu wa Linux uliosajiliwa kama CVE-2016-5195. Ulikuwemo tangu toleo la 2.6.22 la mwaka 2007 na ulizibwa Oktoba 2016. Chanzo chake kilikuwa mashindano ya wakati ndani ya njia hii hii ya kunakili wakati wa kuandika: uzi mmoja (mkondo wa utekelezaji) wa programu ulikuwa ukiandika katika ukurasa wake binafsi huku mwingine ukiiambia kerneli iutupe ukurasa huo, na kati ya hatua hizo mbili maandishi yaliweza kuangukia katika faili ambalo mtumiaji aliruhusiwa kulisoma tu.

Sasa kasoro. Kubwa kuliko zote ni kwamba xv6 unaficha tatizo la TLB, ile hifadhi ndogo ndani ya prosesa inayokumbuka tafsiri za anwani zilizokwisha kufanywa. Kila kerneli inapomrudishia mtumiaji udhibiti, msimbo wa trampoline hutekeleza agizo la sfence.vma na kufuta tafsiri zote. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anaweza kumnyang'anya mzazi ruhusa ya kuandika wakati wa fork, asifute chochote, na majaribio yote yakapita. Katika kerneli kubwa kosa hilo hilo humwachia mzazi nafasi ya kuendelea kuandika katika ukurasa wa pamoja kwa tafsiri ya zamani. Zaidi ya hayo, mchakato wa xv6 una uzi mmoja tu, kwa hiyo hakuna haja ya kuziarifu prosesa nyingine kwamba jedwali limebadilika, kazi ambayo katika mashine zenye prosesa nyingi ni miongoni mwa gharama kubwa za kushughulikia kumbukumbu. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna ugomvi wa kufuli la anwani za mchakato, ugomvi ambao Linux ilianza kuupunguza mwaka 2023, katika toleo la 6.4, kwa kuweka kufuli dogo kwa kila eneo la kumbukumbu.

Kasoro ya pili ni ya kihistoria na inakera. Programu za xv6 huanzia anwani sufuri, kwa hiyo kusoma kupitia pointa tupu (NULL) hakusababishi hitilafu yoyote. Programu husoma msimbo wake yenyewe na kuendelea kana kwamba mambo ni shwari. Kwa mfumo unaofundisha hitilafu za ukurasa, kukosa mfano wa hitilafu ambayo kila mwandishi wa C ameshakutana nayo ni upungufu usio na udhuru. Halafu kuna suala la QEMU yenyewe, ambayo kwa kawaida hujiwekea biti za kuonyesha kwamba ukurasa umeguswa au umeandikwa. Kanuni za RISC-V zinaruhusu pia prosesa isababishe hitilafu ya ukurasa na kuiachia kerneli iziweke biti hizo. xv6 hauziweki, hivyo anayetaka kuupeleka kwenye bodi halisi ya aina hiyo ajiandae kuziongeza.

Hakuna pia kuhamishia kurasa kwenye diski, na exec hupakia programu yote kwa mkupuo. Pengo hilo linazibwa kwa sehemu na zoezi la mmap, ambalo husoma ukurasa kutoka kwenye faili pale tu unapoguswa, na ambalo ni gumu kuliko linavyoonekana. Kushughulikia hitilafu hapo kunamaanisha kusubiri diski, na kusubiri ni kulala. Katika xv6 atakayelala huku ameshika kufuli la kuzunguka (spinlock) atasababisha kerneli isimame. Piperead, inayosoma kutoka kwenye bomba (pipe) la kupitishia data kati ya michakato, huita copyout ikiwa imeshika kufuli la bomba hilo, kwa hiyo anayeamua kupakia kurasa za faili ndani ya copyout atakumbana na jambo hilo mapema au baadaye. Maelekezo ya zoezi hayalitii mkazo, nami ningependa yalitie.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kuendesha kwa prosesa moja kwanza, kwa kuweka CPUS=1, na kuambatanisha GDB, programu ya kutafutia makosa, ili asimamishe kazi ndani ya usertrap; prosesa tatu zirudi baada ya cowtest kupita. Akimaliza, afungue faili la mm/memory.c la Linux na kutafuta fanksheni ya handle_mm_fault. Atazitambua hatua nyingi, na mahali atakapopotea patakuwa zaidi pale penye makufuli, TLB na diski. Kisha aendeshe programu yoyote chini ya /usr/bin/time -v, alinganishe idadi ya hitilafu zilizohitaji diski na zile zisizohitaji, na arudie mara ya pili faili zikiwa zimeshakaa katika kumbukumbu.