LEAP kwa makadirio ya nishati ya chuo: tathmini kutoka Mombasa

Kwa chuo cha bweni hapa Mombasa, nishati huingia kwa njia tatu: stima ya gridi, dizeli ya jenereta, na kuni au gesi ya jikoni. Nilipotakiwa kukadiria mahitaji hayo pamoja na gesi joto (gesi zinazoongeza joto la dunia) zitakazotokana nayo hadi mwaka 2040, nilitumia LEAP (Low Emissions Analysis Platform), programu ya kompyuta ya taasisi ya utafiti ya Stockholm Environment Institute. Ni chombo kizuri, mradi anayekitumia ayahoji majibu yake.

Mahitaji hupangwa kama mti, kuanzia taasisi hadi jengo, hadi kifaa. Kila ncha hubeba kiwango cha shughuli, tuseme idadi ya vitanda vya bweni, na nishati inayotumiwa na kila kitanda kwa mwaka. Hesabu hiyo hata lahajedwali inaiweza. LEAP huishinda lahajedwali pale unapotunga taswira za siku zijazo: taswira mpya hurithi kila kitu kutoka kwa ile ya msingi, nawe hubadilisha kile tu kinachobadilika, huku rangi ya maandishi ikitenga kilichorithiwa na ulichokiandika mwenyewe. Mhasibu akiuliza nambari fulani imetoka wapi, jibu lipo mbele yake.

Upande wa gesi joto ndio unaotaka macho mawili. Stima inapotumika ndani ya jengo haitoi moshi, kwa hiyo LEAP huonyesha gesi joto zake kuwa sifuri mpaka ujenge sehemu ya uzalishaji umeme, yaani jotoardhi ya Olkaria, mabwawa, upepo wa Turkana na mitambo ya mafuta ya Kipevu. Ukishaijenga, unagundua jambo ambalo miongozo ya Ulaya haikutayarishi kwalo: kwa kuwa umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa hautokani na mafuta, kubadilisha viyoyozi huokoa fedha nyingi kuliko hewa ukaa. Jenereta, kinyume chake, hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa kwa kila lita ya dizeli, na daftari la jenereta, ambalo kwa kawaida huandikwa kwa uvivu, linageuka kuwa waraka muhimu kuliko bili ya stima.

Kuni nazo zina mtego wake. Programu huorodhesha hewa ukaa ya kuni kando, kwa dhana kwamba miti itaota tena na kuifyonza, na katika jumla ya gesi joto hubaki methani na oksidi ya nitrasi (N2O) tu. Dhana hiyo ni ya ukarimu mno ikiwa hujui kuni za jikoni zimekatwa wapi. Mimi niliweka taswira mbili, moja kwa dhana hiyo na nyingine kwa dhana kwamba miti haioti tena.

Kasoro kubwa ni majira. Hesabu ya kawaida ni ya mwaka mzima, ilhali matumizi ya kiyoyozi wakati wa kaskazi, msimu wa joto, si yale ya wakati wa kusi. Mwaka unaweza kugawanywa vipande, lakini hilo linadai vipimo vya saa kwa saa ambavyo bili ya mwezi haina.

LEAP imeundwa kwa kompyuta za Windows. Leseni ni ya bure kwa wanafunzi na kwa taasisi za elimu za nchi zenye kipato kama chetu. Ila iombwe mapema, maana bila leseni programu hufunguka na kufanya hesabu, lakini haikubali kuhifadhi kazi.