Crown Athlete i-Four ya V6: itazameni chini kabla ya kufungua boneti

Assalaam alaykum watazamaji wangu, wa Unguja, wa Pemba na nyinyi mlioko ng'ambo. Leo tuko Chake Chake, na gari niliyosimama nayo hapa ni Toyota Crown Athlete ya kizazi cha S210, iliyotoka Japani Disemba 2012 na kuuzwa mpaka 2018. Lakini sikilizeni vizuri, si kila Athlete ni hii. Hii ni i-Four, inavuta kwa tairi zote nne, na injini yake ni V6 ya petroli tupu. Crown iliyokuja baada yake mwaka 2018, V6 yake imefungwa pamoja na mota za umeme. Kwa hiyo anayetaka Crown ya silinda sita na tairi nne, ambayo fundi anaweza kuifungua bila ya kuogopa waya wa volti kubwa, hii ndiyo ya mwisho wa aina yake.

Kuitambua msiangalie nembo ya nyuma, nembo inanunuliwa dukani. Someni kibati cha modeli. GRS210 ni V6 ya lita 2.5 inayosukuma nyuma tu. GRS211 ndiyo hii yetu. GRS214 ni ile ya lita 3.5, ina nguvu nyingi zaidi, lakini nayo inasukuma nyuma tu. Ukiona herufi AWS, hiyo ni haibridi, yaani petroli na umeme pamoja, ya silinda nne. Tarakimu moja hapo inabadilisha gari nzima, na kwenye matangazo ya mauzo watu wanaichanganya sana.

Sasa injini, maana ndiyo mliyoiulizia wengi. Jina lake 4GR-FSE. Silinda sita, tatu upande huu na tatu upande ule, zimefunguka kwa digrii 60. Ukubwa ni sentimita za ujazo 2,499, kipenyo cha silinda milimita 83, na pistoni inatembea milimita 77. Yaani silinda ni pana kuliko mwendo wa pistoni, na injini ya namna hiyo hupenda kuzunguka. Vipimo vya Toyota ni nguvu ya farasi 203 kwenye mizunguko 6,400 kwa dakika, na torki ya Nm 243 kwenye mizunguko 4,800. Angalieni hiyo namba ya pili. Nguvu ya kuvuta inakuja juu, siyo chini. Ukiikanyaga kidogo kwenye kilima itakwenda polepole na kwa heshima. Ukitaka ipande kweli, lazima uiache ishushe gia na ipige kelele kidogo. Gia boksi ni ya otomatiki, gia sita, na inashusha bila ya kurusha abiria.

Kwa nini V? Mafundi wetu wa makamo wamekulia kwenye Crown na Mark II za silinda sita za mstari mmoja, 1G na 1JZ, na mpaka leo wanaziapia. Nawaelewa, zile injini ni tulivu ajabu. Toyota waliziacha kwenye Crown mwisho wa 2003 kilipotoka kizazi cha S180, wakaingiza hii familia ya GR. Silinda sita ukizipanga mstari mmoja, injini inakuwa ndefu inajaza pua yote. Ukizigawa tatu tatu, injini inakuwa fupi, unapata nafasi mbele ya kuvunjikia gari ikigonga, na unapata nafasi ya kupanga shafti na difu ya mbele, difu yaani mtambo wa kugawa nguvu. Digrii 60 nazo si za kubahatisha: zinawaruhusu kupanga miwako ipishane sawasawa, mmoja kila digrii 120 za kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Ndiyo maana ukiweka mkono juu ya dashibodi ikiwa imewaka, mtikisiko ni wa kuutafuta. Na taimingi yake ni cheni, siyo mkanda.

Hiyo i-Four inafanya kazi hivi. Nyuma ya gia boksi kuna difu ya kati, na ndani yake kuna klachi ya sahani nyingi zinazoelea kwenye oili, inayoamrishwa na kompyuta. Unapokwenda kwa kawaida, asilimia 30 ya nguvu inakwenda mbele na 70 nyuma, ndiyo maana usukani bado unahisi ni wa gari ya kusukuma nyuma. Tairi zikianza kuteleza, klachi inabana na mgawanyo unaweza kufika nusu kwa nusu. Hakuna kitufe cha kubonyeza. Inakata na kugawa muda wote, mwenyewe umekaa unasikiliza redio.

Na hapa ndipo ninapotaka tuelewane, kwa sababu nimesikia watu wakisema "tairi nne, basi nitafika nayo shamba". Hapana. Tumbo la gari hii liko chini, ni sedani. Njia ya kifusi yenye mawe ya matumbawe itakukwangulia sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na hiyo difu ya kati haitakusaidia kitu. Wajapani waliitengeneza kwa barabara nzuri iliyofunikwa na theluji. Kwetu theluji haipo, lakini lami iliyolowa masika ipo, na Pemba kuna vilima. Njia ya kutoka Mkoani kupanda Chake, mvua inanyesha, majani ya miti yamelala kwenye kona, gari ya kusukuma nyuma yenye uzito huu ukiigusa petroli vibaya inakwenda upande. Hii inashika. Unguja kulivyo tambarare faida yake utaiona siku chache zaidi, ila kona za msitu wa Jozani siku ya mvua ni mahali pake.

Haya, sasa lile jambo lililonifanya nirikodi video hii. Kabla ya kufungua boneti, laleni chini muitazame.

Jiulizeni, nani Japani ananunua Crown ya tairi nne? Wa Tokyo hana haja nayo. Ananunua mtu wa Hokkaido, wa Tohoku, wa Nagano, kule kwenye theluji. Na kule barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyayuke. Tangu sheria ya 1990 ilipopiga vita tairi za misumari za kushikia barafu, kwa sababu ya vumbi la lami zinayoikwangua, chumvi ikawa ndiyo tegemeo kubwa zaidi. Mojawapo ya chumvi hizo ni kloridi ya kalisi, na tabia yake ni kuvuta unyevu wa hewani hata kama mvua hainyeshi. Inajificha kwenye mikunjo ya bodi, juu ya difu ya nyuma, kwenye mabano ya mabomba ya breki. Halafu gari hiyo inapakiwa melini, inavuka bahari, inashuka bandari ya Malindi, Unguja, inakuja kukaa kwenye hewa yetu yenye unyevu na chumvi ya bahari mwaka mzima. Kutu iliyoanza Sapporo inamalizikia Wete. Injini ya 4GR inaweza kudumu miaka mingi na bodi ikaoza juu yake.

Kwa hiyo kwenye karatasi ya mnada wa Japani, ile inayoandikwa hali ya gari, angalieni herufi. S ni kutu, C ni kutu iliyokwishakula chuma. Mwambieni wakala alete picha za chini: fremu ndogo ya nyuma inayobeba difu, mikono ya sispensheni, mabomba ya breki, maungio ya ekzosi. Kutu nyekundu nyepesi ya juu juu kwenye ekzosi si neno. Kutu inayobanduka magamba kwenye fremu, achaneni nayo hata kama ndani inanukia mpya. Na mkiona chini kumepakwa rangi nyeusi inayong'aa, mbichi, chukueni bisibisi mgonge polepole, kwa sababu rangi inaficha na mlio hausemi uongo. Ikishafika salama, ioshwe chini kwa maji matamu ya presha, ikauke kabisa, ndiyo ipakwe kinga ya kutu. Ukipaka juu ya chumvi umeifungia ndani.

Jambo jengine la tairi nne ni hizo tairi zenyewe. Athlete S inavaa 225/45 R18, na toleo la kawaida 215/55 R17. Mimi nitachukua R17 bila ya kufikiri mara mbili, ukuta wake mnene unastahamili mashimo. Lakini vyovyote vile, zote nne ziwe saizi moja na ziwe zimelika sawasawa. Tairi mpya mbili mbele na kuukuu mbili nyuma zinazunguka kwa kasi tofauti, na difu ya kati inafanya kazi ya bure saa zote mpaka inachemka. Fundi akikwambia "weka mbili tu kwanza", mwambie ahsante.

Kwenye injini udhaifu wake ni mmoja wa kuangalia. Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti kwenye vali za kuingiza hewa, kwa hiyo hakuna kinachozisafisha, na masizi yanajijenga. Ile ya lita 3.5 ina injekta za aina zote mbili, hii haina. Ikiwa inatetemeka asubuhi au imepoteza nguvu, mwambieni fundi atazame vali kabla ya kuanza kubadilisha koili na plagi moja moja. Oili nzuri, kwa wakati.

Petroli inakunywa. Ni injini ya lita 2.5 kwenye gari inayozidi kilo 1,600, na shafti za ziada za kuzungusha. Asiyeweza kuilisha asiingie. Nafuu moja ni kwamba imetengenezwa kwa petroli ya kawaida ya Japani, wakati ile ya 3.5 inataka ya daraja la juu. Upana ni milimita 1,800 tu, Toyota waliubana kwa ajili ya njia nyembamba za kwao, na sisi tunaufaidi kwetu. Ndani sina mengi: viti vimetulia, AC kali, redio ya masafa ya Kijapani itataka kifaa cha kubadilishia, ramani yake isahauni.

Mmeniuliza spea. Za injini hazina shida, kwa sababu Mark X ya lita 2.5, na zimejaa Dar, inatumia 4GR-FSE hii hii. Shida ni za mbele: difu ya mbele, shafti zake na buti zake, yaani mifuko ya mpira inayofunika maungio ya shafti. Hizo GRS210 haina kabisa, kwa hiyo muuza spea akikupa "ya Crown" tu, inaweza isiwe yako. Nendeni na namba ya chesisi mkononi, na buti ikianza kuchanika ibadilisheni wiki hiyo hiyo, kabla mchanga haujaingia.