TAHADHARI: Tapeli wa "Peugeot 404 ya Safari Rally" anazunguka Keko

Wakuu, yule jamaa wa Keko ni tapeli. Yule yule ambaye picha za gari alizonitumia niliwaonyesha pale Coco Beach mkashangilia. Kanipiga laki na nusu mchana kweupe, eti advansi ya kupiga picha gari la kale lililoshinda mashindano ya Safari Rally, na sasa simu hapokei.

Na msianze na "ulimwaminije". Mtu kaniita gereji, si uchochoroni. Gari lipo, limefunikwa turubai. Akainua upande wa nyuma tu, taratibu, kama anamfunua bibi harusi. Nikaona yale mapezi ya Peugeot 404, kioo kimejaa vumbi, na kwenye buti maandishi ya kung'aa: Injection. Nikayapapasa kwa kidole. Akasema, "Kaka, hili ndilo lenyewe, la Shankland." Sasa nani mwingine Keko nzima anamjua Shankland? Bert Shankland na Chris Rothwell, kutoka hapa hapa Tanzania, kweli walichukua Safari 1966 na 1967 wakiwa na 404 Injection. Jamaa kataja miaka yote miwili bila kusita, kataja mpaka Kugelfischer, ile pampu ya mafuta ya hiyo Injection! Wengi wenu humu hamuijui, msijifanye.

Eti gari ni la mzee mmoja wa Upanga, hapendi makundi. Jumapili alfajiri litaoshwa, litasukumwa nje, nipige picha mpaka saa tatu. Advansi itumwe kwa namba ya mtoto wa mzee. Natuma, naona jina la mwanamke. "Huyo mkwe wa mzee, kaka, wewe tuma tu." Nikaweka namba ya siri.

Jumapili mwanga ulikuwa mtamu ajabu, na mimi nimesimama na tripodi mbele ya geti lenye kufuli. Fundi katokea saa nne anapiga mswaki. Gari ni la mteja, limeletwa kunyooshwa bodi, mwenyewe hana habari kama linapigiwa debe. Jamaa wala si wa gereji, huwa anakuja kupiga stori tu. Fundi akafungua boneti: kabureta, yaani si Injection kabisa. Akavuta lile neno Injection, likabanduka lote na gundi yake, likabaki mkononi mwake. Akacheka mpaka povu la mswaki likamrukia shati. Mimi nilikuwa nakunja tripodi.

Huyu mtu akamatwe! Namba nimeshairipoti 15040, kule kwa matapeli wa simu, na polisi nimefika. Na asipewe dhamana, akae gerezani Segerea mpaka lile turubai lioze. Analijua hilo gari kuliko sisi, halafu elimu yote hiyo anaitumia kula hela za watu. Angeomba kazi ya kututembeza tungemlipa kwa roho safi!

Dalili za kumjua: picha ya kwanza aliyonitumia usukani uko kushoto, maana yake kaitoa huko Ulaya. Boneti hafungui, eti ufunguo anao mzee. Na hataki uje na mwenzako.

Jana usiku kaweka tangazo jipya kwa namba nyingine: Land Rover "Series One ya 1948", iko Tegeta, nafasi chache. Kuzeni hiyo picha. Grili ya plastiki, taa ziko kwenye madigadi. Hiyo ni Series III, zilianza 1971. Mlioanza kuchangishana kule Tegeta, msitume hata mia.