Pinkushoni ya kitalu cha barabarani: chukua mche, acha mbolea

Nianze na bei: shilingi 1,200 mche mmoja, tena baada ya kuvutana sana. Boganvilia iliyokuwa kando yake ilikuwa 150, na muuzaji wala hakuona haya. Hata hivyo, kwa sisi wa Kiamunyi, hapa Nakuru, ambao bustani hugeuka vumbi kuanzia Januari, ningeununua tena leo.

Pinkushoni, Leucospermum cordifolium, ni kichaka cha Rasi ya Magharibi huko Afrika Kusini, kwenye vilima vya mchanga usio na rutuba. Ni wa ukoo mmoja na mgrevilea ulio mpakani mwa shamba lako, na makadamia pia. Ua lake ni mamia ya vijiti vyembamba vya rangi ya chungwa, vimesimama kama pini kwenye kimto cha fundi wa nguo. Sogea karibu uangalie: kijiti kichanga kimepinda, ncha yake bado imenaswa ndani, halafu kinafyatuka na kusimama kikiwa na poleni kichwani. Ndege wetu wa chozi hawakuuliza kimetoka nchi gani. Wanafika alfajiri na kugombana juu yake. Ukikata ua ukalitia kwenye chupa ya maji, linakaa wiki mbili bila kunyauka, waridi ziko wapi hapo?

Sasa lawama. Muuzaji haachi mteja aondoke bila gunia la samadi na mbolea ya dukani ya DAP ya kutia shimoni. Mimi nilibeba mche peke yake. Jirani yangu alibeba vyote akafuata maagizo, majani yakaanza kuwa ya manjano, kisha yakaungua kingoni. Aliporudi kulalamika aliambiwa ameunyima maji, akazidisha maji, na huo ukawa mwisho wa mche. Mti huu una mizizi ya vishada, laini, iliyoumbwa kukwangua fosforasi kidogo kwenye udongo maskini. DAP ina fosfeti asilimia 46. Kuumwagia mzigo huo ni kuutilia sumu, na samadi ya kuku haina nafuu.

Maneno ya "huu hautaki maji kabisa" pia yapuuze. Ukishakomaa ndio unavumilia ukame. Mwaka wa kwanza mwagilia vizuri mara moja kwa wiki mvua ikikosekana, uache udongo ukauke juu. Udongo wetu wa majivu ya volkano ya Menengai unapitisha maji upesi, kwa hivyo mti huu unaupenda. Mtu wa Kano, kule Kisumu, mwenye udongo mweusi unaonata, bora apande kwenye tuta lililoinuliwa na kuchanganywa kokoto, la sivyo mizizi itaoza. Panda penye jua la siku nzima. Magugu ng'oa kwa mkono. Jembe lisikaribie shina, mizizi iko juu juu. Na unapopogoa, usikate hadi kwenye sehemu kuukuu ya tawi isiyo na majani, hapo hauchipui tena.

Kitalu nakipa nyota tatu kati ya tano. Miche ni mizima, wanaifungasha vizuri kwa bodaboda, na M-Pesa wanapokea. Kabla hujalipa, inua mfuko uangalie chini: mizizi ikiwa imeshatoboa na kuzama ardhini, omba mwingine, maana wataing'oa kwa nguvu na mti huu hausamehi kuvurugwa mizizi.